Walisema Mkono Wangu Ndio Uliomvunja Mama

Nilimsikia mama akivunjika. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nimepitisha mikono chini ya makwapa yake nimnyanyue kutoka kwenye kigoda, nimsogeze kivulini, maana jua lilikuwa limeshamfikia magotini. Alipokanyaga mguu wa kulia ili anisaidie, kitu ndani ya nyonga yake kikalia, ko! Mlio mfupi, mkavu. Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Alinitazama tu, mdomo wazi, halafu uzito wake wote ukanijia, tukaanguka pamoja, mimi chini yeye juu. Kifua chake kilikuwa juu ya uso wangu, na ndani ya kifua kile nikasikia ile sauti aliyokuwa nayo siku zote, kama vifaranga waliofungiwa ndani ya tenga.

Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Shangazi Kalunde, dada yake baba, alitoka jikoni mbio, mwiko una ugali bado.

"Umemfanya nini mama yako?"

"Nimemnyanyua tu, shangazi."

"Umemnyanyua au umemvunja? Nyanzala! Mikono gani hiyo uliyopewa?"

Mama alitaka kusema kitu. Nilimwona akikusanya pumzi, akakusanya, akakusanya, ikamwishia kabla neno halijatoka. Shangazi akamaliza yeye. Akaita majirani akawaambia: huyu mtoto amemvunja mama yake. Tangu siku hiyo mpaka leo nywele zangu zina mvi, sijasikia mtu akilifuta neno lile.

Sasa nirudi nyuma, maana jambo halikuanzia kwenye kigoda.

Mimi ni mtu wa upande wa Sikonge. Kila msimu, mabani ya kukaushia tumbaku yanapowashwa, upepo unaleta harufu ya jani la tumbaku linaloiva rangi, harufu tamu, kama asali iliyounguzwa kidogo. Wageni wanaotoka mjini Tabora husimamisha pikipiki wakavuta hewa wakasema, jamani, huku kunanukia. Mimi huingia ndani nikafunga dirisha. Harufu ile ndiyo nguo ya mama yangu. Ndiyo nywele zake, ndiyo maziwa niliyonyonya.

Baba alikuwa na bani moja la matofali mabichi, refu kama nyumba mbili zilizopandishana. Kwa asiyejua: majani ya tumbaku hufungwa kwenye vijiti, vijiti vinapangwa juu kwa juu mpaka kwenye paa, halafu chini kunawashwa moto ambao hauzimwi mpaka jani likauke lote na mti wake wa katikati. Moto ukilegea siku ya pili, jani linageuka jeusi na jasho la mwaka mzima limekwenda. Wanaiita tumbaku ya mvuke. Maana yake moshi unapita ndani ya mabomba ya bati na kutoka nje, linabaki joto tupu. Hiyo ni habari ya mabomba mazima. Ya baba yalikuwa yamelika kwa kutu, yana matundu mtu anapitisha ngumi. Kila msimu mama alimwambia, "Baba Nyanzala, moshi unatoka ndani." Na kila msimu baba alichukua udongo na kipande cha debe akaziba tundu moja, yakafunguka mawili.

"Moshi haujaua mtu," alisema. "Sisi ni ukoo wa wapagazi. Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, njia nzima kwa miguu, akarudi amebeba nguo. Wewe unaogopa moshi?"

Alipenda sana kusema hivyo, kana kwamba yeye ndiye aliyebeba. Anayeingia ndani ya bani kutazama rangi ya jani alikuwa mama. Baba alikuwa akikaa nje na kuuliza, "Limekuwaje?" Mama anatoka amefunga khanga puani, macho mekundu, anainama, anakohoa mpaka anashika ukuta, halafu anajibu, "Bado kidogo, ongeza kuni."

Na bani likiisha kazi haikuisha. Majani yanahamia kwenye chumba cha kuchambulia. Humo ndimo tulimoishi miezi. Jani kavu ni adui wa upepo, likipigwa na hewa kavu linavunjika kama ganda la yai, kwa hiyo mlango ulifungwa, dirisha likazibwa kwa magunia. Tukakaa gizani na kibatari, mama, shangazi na mimi, tukigawa majani kwa madaraja: la njano safi huku, la madoa kule, lililoungua pembeni. Vumbi lake halionekani mpaka upige chafya. Mama alikohoa kwa kila jani aliloshika. Shangazi akawa anamtania: "Wifi, wewe unachambua au unaimba?" Tulicheka. Mama naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukacheka zaidi. Mungu anisamehe kwa vicheko vile.

Mtu wa kwanza kumwambia mama kwamba kikohozi chake kina dawa alikuwa Shija. Kijiji kizima kilimwita Daktari. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa amewahi kufagia kwenye zahanati fulani, akaondoka na majina ya dawa kichwani na koti jeupe mgongoni. Akafungua duka barabarani. Mama alifika pale akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi katikati, nami nimemshika mkono.

"Hiki ni kifua kimebana," Shija akasema, hata hakumwekea sikio. Akafungua kopo, akamwaga vidonge vidogo vyeupe juu ya kipande cha gazeti, akavikunja. "Meza viwili asubuhi. Ukiona bado, ongeza. Utanishukuru."

Alimshukuru. Tena sana. Siku ya tatu mama alipumua. Mnajua maana ya mtu kupumua? Alitwanga mahindi akiimba. Alinibeba mgongoni nikiwa mkubwa tayari, akazunguka nami uwanjani, akasema, "Nyanzala, mama yako amerudi." Hata sasa siwezi kusema kwamba vidonge vile havikumpa kitu. Vilimpa ile wiki.

Basi vikawa vya kila siku, mwaka hadi mwaka. Kazi ya kwenda kuvichukua ikawa yangu. Nilikuwa naipenda kazi ile, tuelewane. Maana vidonge vilipomkolea, uso wa mama ulibadilika. Yeye aliyekuwa na mashavu yaliyobonyea akawa na uso wa duara, unang'aa, kama wake wa matajiri wa mjini waliokuwa wanakuja harusini. Shingo ikajaa, ikapanda hata nyuma. Kijijini kwetu mtu akinenepa usoni wanasema anatunzwa. Wanawake kisimani walisema, "Mwangaluka, Mama Nyanzala! Mume anakulisha nini?" Baba naye akatembea kifua mbele. Na Shija akaona soko. Akawa anawaambia wateja, "Hamjamwona mke wa yule wa bani la matofali? Nendeni mkamtazame shavu." Wakaja kweli. Wakaketi uwanjani kwetu, wakamtazama mama yangu kama mtu anavyotazama ndama sokoni, halafu wakaenda dukani kununua.

Nilikuwa na kiburi. Niliona mama yangu ni mzuri kuliko mama zao, na mimi ndiye ninayeleta uzuri ule ndani ya kipande cha gazeti. Nikiona vinakaribia kwisha nilikimbia hata kabla sijatumwa.

Jambo la pili lililonipa kiburi ni urefu. Mama alikuwa mwanamke mrefu, wa kuinama mlangoni. Kamba ya kuanikia nguo alikuwa ameifunga yeye, mimi nilikuwa naruka siifikii. Kumbe ukafika msimu nikaona tumesimama bega kwa bega, yeye ndiye anayeomba, "Nyanzala, niwekee hii khanga juu." Nilisimama wima kama askari. Nilisema, "Mama, nimekuwa!" Akanitazama, akasema polepole, kwa vipande, "Ndiyo mwanangu. Umekuwa." Mgongo wake ulikuwa umeinama, gauni lake linaburuza mbele. Baba akasema huo ndio mgongo wa wapagazi, ingawa mama hakuwa wa ukoo wake. Mimi sikuangalia mgongo. Niliangalia kamba, nikaona nimeifikia, kwa vidole vya mguu kidogo tu.

Halafu miguu ikavimba. Hili nalo nililiita unene. Niliona sasa vidonge vimeshuka mpaka chini. Jioni akikaa kwenye mkeka nilimbonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba, panabaki shimo, natazama linavyojaa taratibu kama unyayo kwenye tope. Mama alikuwa anasema, "Bonyeza tena, linanipumzisha." Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama kama kamba. Kulala hawezi, alikuwa analala ameketi, ameegemea mitumba ya tumbaku, kwa sababu akijilaza tu anasema anazama. Mimi nikadhani anailinda tumbaku.

Mara moja nilimwambia Shija. Nilitumwa peke yangu, nikasema, "Daktari, mama miguu inajaa, na mgongo unamuuma, na ngozi akiigusa tu inakuwa na weusi."

Alikuwa anahesabu chupa rafuni, hakugeuka. "Mama yako anafanya kazi nyingi. Mwambie aongeze kimoja."

Nikamwambia. Akaongeza.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye kigoda.

Ilikuwa siku ya pili ya moto. Baba alikuja kutoka bani kwa kuitwa, mikono myeusi kwa mkaa. Akamtazama mama aliyelala chini, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine, unyayo umegeukia nje. Mama alikuwa anavuta hewa kwa mabega.

Jirani mmoja, mzee wa Kanisa la Moraviani, akasema, "Bwana, tumpakie kwenye gari la ng'ombe, tumpeleke hospitali."

"Nani atakaa na bani?" baba akauliza.

"Bani, bwana? Huyu ni mkeo."

"Najua ni mke wangu. Na hilo ndilo chakula cha mke wangu. Jani limeanza kugeuka njano leo. Nikiliacha leo nimeliacha lote. Likauke, halafu tutakwenda."

Waliitwa wafungaji wa mifupa, wakamfunga kwa vijiti. Vijiti vya tumbaku, maana ndivyo vilivyokuwepo. Siku tano alilala chali mtu aliyekuwa hawezi kulala chali. Siku tano baba aliongeza kuni. Mimi nilikaa mlangoni, mikono nimeificha chini ya mapaja. Shangazi alikuwa amenikataza kumgusa. Mama akiomba maji nilisimama nikaita, "Shangazi, anaomba maji," ilhali mtungi uko pembeni yangu.

Mchana wa siku ya nne, shangazi ameenda kisimani, mama aliniita kwa jicho. Nikasogea. Akasema, "Nishike." Nikatikisa kichwa. Akasema tena, "Nishike mkono." Nikamwambia, "Nitakuvunja, mama." Akafumba macho, machozi yakatoka pembeni. Sikumshika. Hilo ndilo ninalolibeba, wala siwezi kumsukumia mtu.

Bani likaisha. Wakampakia. Vidonge vyake viliachwa nyumbani juu ya kenchi, hakuna aliyewaza kuwaambia wauguzi kwamba mtu huyu anameza kitu kila siku. Siku chache baadaye gari la ng'ombe lilirudi na mama amefunikwa khanga mpaka usoni. Tumbaku ya msimu ule ilitoka njano safi. Baba aliisifia mwenyewe, palepale msibani.

Na palepale msibani shangazi Kalunde alisimama mbele ya wanawake akasema, "Wifi yangu alikuwa amenenepa, mnamjua wote, alikuwa anang'aa. Hakuwa na ugonjwa wa kufa. Mkono wa mtoto ndio uliomvunja." Wakanitazama. Shija alikuwepo, kwenye jamvi la wanaume, ndani ya koti lake. Alisikia. Alinywa uji wake.

Shule niliacha darasa la nne, nani angenipeleka? Lakini hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni watoto wachanga. Kijijini kwetu mwanamke akijifungua, wanawake humpokea mtoto mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anambeba anamtemea mate ya baraka. Ikifika zamu yangu, mikono iliniruka. "Usimpe Nyanzala." Wengine walisema kwa utani, "Mvunja mama huyo, atavunja na mtoto." Nilizaa wangu watatu. Nimewalea kwa kuwafunga mgongoni kwa khanga, sijui kumbeba mtoto kwa moyo uliotulia. Wameshakuwa wakubwa, wanasema mama yao ni mkavu.

Miaka miwili hivi iliyopita kikohozi kilinishika mimi. Nikaenda mjini Tabora. Daktari alikuwa msichana mdogo, wa rika la mwanangu wa pili, akanipa shikamoo, akaniwekea kile chombo mgongoni. Akauliza kama kwetu kuna aliyeugua kifua. Nikamwambia kwa kifupi: mama yangu, na mimi ndiye niliyemmaliza, nilimvunja nyonga. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hebu nieleze vizuri. Uso wake ulikuwaje?"

Nikaeleza. Uso, shingo, mgongo, miguu, vidonge. Alinisikiliza wakati foleni nje inagonga mlango. Halafu akanieleza kwa Kiswahili cha mtu kama mimi. Kwamba mapafu yakishachakaa kwa moshi na vumbi, moyo unalazimika kusukuma damu kuyapitia kama mtu anayesukuma mlango uliowekewa gogo kwa nyuma. Mwisho moyo unachoka, maji yanashuka miguuni, ule si unene. Kwamba mtu aliyebanwa pumzi mwaka hadi mwaka hatembei, hali chakula, mwili unawaka kwa ndani, na mifupa inaliwa pole pole. Na kwamba vile vidonge, kwa dalili nilizomweleza, ni steroidi, si sumu, yeye mwenyewe huwapa wagonjwa, lakini kwa siku zinazojulikana na kwa kuwapima. Vikimezwa kila siku kwa miaka vinaumua uso na kukausha mifupa mpaka pingili za mgongo zinasagika zenyewe. Mtu anafupika. Na akifupika kifua kinakosa nafasi, pumzi inazidi kubana, anaongeza vidonge. Wala havikatwi ghafla, maana mwili unakuwa umeshasahau kujitegemea.

"Kwa hiyo sikurefuka," nikasema.

Hakuelewa nilichosema. Akanishika mikono yote miwili. "Mama, mtoto wa miaka kumi na moja hamvunji mtu mzima nyonga kwa kumnyanyua. Ile nyonga ingevunjika hata kwa kukohoa."

Nililia pale kwenye kiti cha wagonjwa mpaka yule binti akafunga mlango kwa ufunguo.

Baba ameshakufa, bani limeanguka, siwezi kumuuliza tundu la moshi wala zile siku tano. Shangazi Kalunde yu hai, nilimweleza, akasema, "Yamepita hayo, mwanangu, ya nini kufukua?" Yeye yamempita. Mimi bado wananinyang'anya vichanga.

Nikaenda kwa Shija. Ni mzee wa kanisa sasa, anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, ndani anauza mwanawe. Sikumwamkia. Umri wangu wote sijawahi kumpita mzee bila shikamoo, na yeye alikuwa ameshaanza kusema "Marahaba" kwa mazoea tu.

"Unanikumbuka?" nikamwuliza.

"Wewe si binti wa yule wa bani la matofali? Karibu."

"Vidonge vya mama yangu vilikuwa vya nini?"

"Vya kifua. Vilimsaidia sana, hata wewe shahidi."

"Nilikuja nikakwambia miguu inavimba. Ukasema aongeze."

Akacheka kidogo, akawatazama wanaume waliokuwa wanacheza bao, kama kuwaomba wacheke naye. "Mama, mimi niliuza alichoomba. Sikumshika mtu mdomo nikamnywesha."

"Na msibani? Waliposema ni mkono wangu, wewe ulikuwa umekaa pale. Ulijua?"

Mmoja wa wale wanaume akasema, "Wewe mwanamke, mzee haulizwi hivyo barabarani." Shija akainua mkono, akajifanya mpole. "Mwacheni, ana uchungu." Akageuzia uso wake barabarani. Wakati huohuo akapita mbele yetu binti wa kama miaka tisa, kandambili zimemzidi, ametoka dukani kwa mwanawe na karatasi iliyokunjwa kiganjani. Alikuwa anakimbia na anatabasamu.

Kwa hiyo naandika, maana barabarani nimeambiwa siruhusiwi kuuliza. Sitaki ng'ombe wako, Shija, sitaki kufa kwako. Nataka Jumapili usimame kanisani mbele ya watu uliowatuma kumtazama mama yangu shavu, shangazi Kalunde awe amekaa mbele, useme kwa mdomo wako kitu ulichomuuzia, na useme ulikaa kimya mtoto akibebeshwa maiti. Halafu unijibu na hili, siku hiyohiyo, kabla hujaketi: yule binti aliyetoka dukani kwenu anakimbia, mama yake anaitwa nani, na ameanza lini kunenepa uso?